Chumba Chetu cha Mto Naili

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo ni siku ya kumi na nne tangu niolewe. Daftari hili nimelinunua kwa sababu moja: nikizidi kumsimulia Nzilani wa kazini habari za mume wangu kila siku, ataacha kazi. Mume wangu. Bado sijaizoea. Naiandika tena ili mkono nao uonje: mume wangu.

Jina lake Ayub. Ana duka la magodoro hapa Voi, ng'ambo ya barabara kutoka saiba, duka la kompyuta na kopi, ninayofanyia kazi na Nzilani. Asubuhi akitoa magodoro nje kuyaegemeza ukutani, hunipungia mkono kwa kila godoro. Magodoro kumi, mikono kumi. Nani mwingine Voi nzima apungiwa hivyo?

Na sasa habari yenyewe. Jamaa zangu wa Mombasa walitaka kutuzawadia seti ya viti. Amin, mtoto wa shangazi yangu, yuko katika kampuni ya safari, akawaambia, "Viti vitakaliwa na wageni. Wapeni kitu watakachokalia wenyewe." Basi wamechanga tiketi mbili za ndege mpaka Misri! Meli ya kutembea Mto Naili tutailipia sisi, siku nne, mwanzoni mwa Desemba, kabla watalii hawajapandisha bei. Tangu kidato cha pili, mwalimu wa jiografia alipouchora Naili ubaoni kwa chaki ya buluu, nimeutamani mto ule kama wengine wanavyotamani gari.

Jumatatu, 6 Oktoba

Amin ametuma ramani ya meli. Nimeichapisha rangi, karatasi nne, nikaziunga kwa gundi ya karatasi na kuzibandika ukutani nyuma ya kiti changu.

"Hii ni meli ama wodi?" Nzilani akauliza. "Mbona vyumba vimepangwa kama vya wagonjwa?"

Nikamweleza. Ghorofa za juu zina mlango wa kioo unaofunguka, unasimama hapo unauona mto wote. Bei yake ni ya watu wengine. Ghorofa ya chini kabisa, dirisha ni dogo, liko juu karibu na dari, na halifunguki kwa sababu maji yako pale pale nje. Bei hiyo ndiyo yetu.

"Kwa hivyo mtakuwa chini ya maji."

"Kiunoni tu," nikasema.

Nimesoma mashauri yote mtandaoni. Ukichukua chumba cha bei nafuu, usikae nyuma, kuna injini. Usikae karibu na ngazi, kuna viatu vya watu. Chukua cha katikati, ambako hata meli ikiyumba huyumbi sana. Na mchana wote utakuwa nje ukitazama mahekalu, chumba ni cha kulala tu. Nimechagua nambari 108. Katikati kabisa!

Nilimwonyesha Ayub alipokuja kunichukua. Aliitazama ramani muda mrefu. Akasema, "Popote ulipo wewe, mimi pananitosha." Nzilani akajifanya anatapika kwenye ndoo ya taka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Joto. Hata kuku wa mama mkwe wanatembea kwa kupumzika.

Jumapili, 12 Oktoba

Niandike kidogo juu ya mama mkwe, kwani tunakaa uani kwake mpaka nyumba yetu iezekwe. Bi Faiza ni mama mwema, anipenda, nami nampenda, lakini hafungi mlango. Mlango wa jikoni, wa sebule, wa chumba chetu tukiwa hatumo, yote i wazi. Inzi wanaingia, kuku wanaingia, jana mbuzi wa jirani aliingia akala nusu ya kadi ya harusi yangu. Nikifunga, nikirudi nakuta amefungua. Somo wangu, mama aliyenifunda, aliniambia siku za fungate nisishindane na mama mkwe juu ya jambo lolote mwaka wa kwanza. Sawa, lakini mbuzi hakuwemo katika mafunzo.

Jumatano, 15 Oktoba

Nilivuka barabara saa tatu na robo kumpelekea Ayub viazi vya karai vingali moto. Dukani hakuna mtu. Mlango wa stoo, kule nyuma anakoweka magodoro yasiyofunguliwa, umefungwa kwa ndani. Nikabisha. Akatoka shati limelowa, macho mekundu.

"Ulikuwa wafanya nini humo?"

"Napanga mzigo."

Akala viazi vyote bila kusema vina ladha gani. Kwa kawaida Ayub husifu hata maji.

Jumamosi, 18 Oktoba

Saa tatu, stoo tena. Nimeona kwa dirisha la saiba.

Jumatano, 22 Oktoba

Saa tatu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Saa tatu. Nzilani naye ameona. "Mwanamume anayejifungia na magodoro saa tatu asubuhi," akasema, "ama ana usingizi, ama ana simu ya pili."

"Mume wangu si wa hivyo."

"Hakuna mke aliyewahi kusema mume wake ni wa hivyo, bibi harusi."

Nimemnunia mpaka saa kumi. Kisha nikamwomba radhi, kwa sababu yeye ndiye mwenye ufunguo wa choo.

Jumanne, 28 Oktoba

Leo nilivuka makusudi akiwa ndani. Simu yake ilikuwa juu ya meza ya duka, inalia, ni mteja wa Wundanyi. Simu ya pili hana, nafua suruali zake zote, najua kila mfuko. Basi hazungumzi na mtu. Ningefurahi, na kweli nilifurahi mpaka nilipofika katikati ya barabara. Hapo nikawaza: mtu anayejifungia peke yake na kutoka macho mekundu, analia. Na mume wa mwezi mmoja analilia nini?

Jumamosi, 1 Novemba

Siku nzuri kupita zote! Ayub amempigia Amin, akauliza vipimo vya chumba chetu cha meli. Kisha akachukua vigingi na kamba, akakipima uani, urefu na upana, kama alivyokuwa akipima shimo alipokuwa mchimbaji vito kule upande wa Kasigau. Alichimba miaka miwili kabla hatujajuana. Hupenda kusema alichoka, basi, na hilo ndilo lote alilowahi kuniambia.

Tukaweka mkeka penye kitanda na ndoo penye choo. Tukakaa ndani ya kamba tukala maembe mabichi kwa chumvi na pilipili. Nikamwambia, "Kumbe ni kikubwa." Akatazama juu, mbinguni, akasema, "Hivi kilivyo ni kikubwa sana." Nilijiona mpumbavu kwa yote niliyoandika wiki hii.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua ya kwanza ya vuli. Harufu ya vumbi lililoloa ilinijia mpaka kwenye kompyuta. Ayub aliingia stoo saa tatu, akatoka kabla sijamaliza kuchapisha ukurasa mmoja. Alisimama kwenye mvua bila kofia.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Amin anasema kubadilisha chumba mwisho ni tarehe ishirini. Nikamjibu hatubadilishi chochote.

Jumamosi, 8 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nitaanza na leso.

Nilitaka kumfanyia Ayub jambo la kukumbukwa. Asubuhi alipokwenda msibani Mwatate, nikachukua leso zangu zote za harusi, jozi kumi na moja, nikazitundika kwenye zile kamba zake za uani baada ya kuinua vigingi kwa fito. Kuta nne za leso, zimepishana zisipitishe mwanga. Juu nikafunika turubai kwa sababu ya manyunyu, nikaacha tundu dogo pembeni karibu na paa liwe ndilo dirisha letu. Ndani nikaweka godoro, udi, na sahani ya kaimati. Nikajifukiza. Mlangoni nikatundika leso ya mama yangu, ile aliyonipa siku ya kuolewa, imeandikwa: NIMEPATA NILICHOOMBA, WENYE KUNUNA NUNENI. Juu yake nikabana karatasi: 108.

Mama mkwe alitoka jikoni, akakisimamia kile chumba. Akaniambia, "Mwanangu, mlango uache wazi."

Nikacheka. "Mama, chumba cha maharusi kina mlango wazi?"

"Uache wazi tu." Akarudi jikoni.

Ayub akaja saa tisa. Nikamziba macho kwa mikono, nikamwingiza, nikamketisha. Nikaishusha leso ya mlangoni na kuibana kwa vibanio. Nikamwambia, "Haya, fungua macho. Tuko Misri."

Alifungua. Aliangalia turubai. Mvua ilikuwa ikigonga juu yake. Nilikuwa namtazama uso nikingoja furaha, nikauona uso wake unaondoka, sina namna nyingine ya kuandika. Midomo ikawa ya kijivu. Akasema, "Mina, nitoe." Nikadhani ni mzaha, nikamshika mkono. Akasema tena, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na kabla sijasimama akapita ukutani. Hakupitia mlangoni. Alipita ukutani na kamba na fito na leso zote zikamfuata, ile ya mama ikachanika katikati, turubai likaniangukia mimi na kaimati.

Nilipojitoa, alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anahema. Bi Faiza alikuwa ameshafika, amemshika kichwa, anamwambia, "Uko nje, baba, uko nje, tazama mvua."

Nami, Mungu anisamehe, nilichosema ni, "Kama hutaki kulala na mimi chumba kimoja, si useme?"

Akanitazama. Akajaribu kusema, pumzi haikutosha. Akainuka akaenda kukaa kibarazani. Mimi nikaenda kuokota leso. Zina tope zote. Kipande cha mkono wa kulia kimebaki na NUNENI.

Jumapili, 9 Novemba

Hatukusemezana mpaka saa nne asubuhi. Kisha akaniambia, "Vaa, twende dukani."

"Leo Jumapili."

"Ndiyo maana."

Akafungua duka, akafungua stoo, akawasha taa. Magodoro yamejaa mpaka juu, hewa ni ya plastiki, joto lake ni kama kinywa cha mtu. Yeye alibaki kizingitini. Akanionyesha ukuta nyuma ya mlango. Kuna tarehe za penseli, moja chini ya nyingine, na mbele ya kila tarehe idadi ya dakika. Saba Oktoba, dakika moja. Nane, moja. Kumi na tano, tatu, na kando yake kaandika "Mina kabisha". Kisha nne, tano, tatu, sita. Tatu Novemba, siku ya mvua: sufuri. Ya juzi, kumi na moja.

Nilisoma mpaka chini na nilikuwa bado sielewi.

Akanisimulia akiwa amesimama pale pale mlangoni. Mwaka wa pili wa uchimbaji, yeye na rafiki yake Gibson, Mtaita wa Kasigau, walikuwa na shimo lao wenyewe, wakifuata mshipa wa vito vya kijani. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Gibson alitoka kwenda kuchukua maji, na mdomo wa shimo ukajifunga. Ayub alikaa ndani kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Gibson alimfukua kwa jembe, jembe likavunjika, akamalizia kwa kifuniko cha sufuria. Ayub hakuumia hata ukucha. Lakini tangu siku hiyo mlango ukifungwa na hakuna upepo, anausikia udongo.

"Mbona hukuniambia kabla ya harusi?"

"Ningesema nini? Njoo uolewe na mwanamume anayeogopa chumba?"

"Na siku ile ya ramani?"

Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu jana. "Ulikuwa umeibandika ukutani, Mina. Ulikuwa unamwonyesha kila anayekuja kutoa kopi ya kitambulisho. 'Hiki ndicho chumba chetu.' Nikajiambia, nina siku hamsini na kitu. Mtu hawezi kujifunza kupumua kwa siku hamsini?"

Niliketi juu ya godoro la futi nne kwa sita nikalia. Ayub akadhani ninalia kwa huzuni, akaanza kuomba msamaha, nami sikuweza kumweleza kwamba ni nafuu, nafuu tupu, kama kutua ndoo kichwani. Mwezi mzima nilikuwa nikitafuta ni nani anayemliza mume wangu kila saa tatu. Kumbe ni mimi, na chumba changu cha bei nafuu.

Tuliporudi nilikwenda jikoni kwa mama mkwe. Alikuwa akikuna nazi. "Mama," nikasema, "hii milango."

"Aliniapisha nisiseme," akanijibu bila kuinua kichwa. "Hakuniapisha nisifungue."

Nimembusu mkono. Mbuzi na aje ale hata cheti cha ndoa.

Jumatatu, 10 Novemba

Nilidhani kwa kuwa siri imetoka basi yamekwisha. Wapi. Nimemwambia Ayub tuiache meli, tiketi za ndege Amin atatafuta namna. Akakataa.

"Nimefika kumi na moja. Kufikia Desemba nitakuwa saa nzima."

"Usiku una saa ngapi, Ayub?"

"Usinifanye mgonjwa."

"Nani amekuita mgonjwa? Mimi ndiye niliyekufungia ndani ya leso!"

Tukagombana kweli, ugomvi wetu wa kwanza, na katikati yake nikawaza, hata akikasirika ana macho mazuri. Sikumwambia. Kuna wakati wa kila jambo.

Akaenda stoo saa tatu. Nilitaka kuvuka barabara. Nikabaki nimeshika kingo za meza.

Alipotoka alikuja moja kwa moja saiba, mbele ya wateja, jasho linamtiririka. "Nimekaa kumi na tatu," akasema. "Na sikupenda hata moja. Sitaki kwenda Misri kuhesabu dakika." Akavuta kiti. "Mpigie Amin. Weka sauti kubwa. Nitasema mwenyewe."

Nikapiga. Amin akaanza na mizaha yake, "Shemeji, maharusi wamechoka tayari?" Ayub akamkatiza.

"Amin, mimi nilifukiwa na shimo. Chumba kisicho na dirisha la kufunguka sikiwezi. Tuna pesa zile zile tulizokwambia. Tufanyeje?"

Mzee mmoja aliyekuwa akingoja kuchapishiwa barua ya chifu akavua kofia. Nzilani alikuwa ameshika kikombe cha chai, hakukitia mdomoni wala hakukiweka.

Amin akasema, "Si mngeniambia zamani! Sikilizeni." Meli ile ile, ikishuka mto kutoka Aswan kwenda Luxor, huchukua siku tatu badala ya nne. Siku tatu kwenye ghorofa ya pili, mlango wa kioo unaofunguka, bei yake inakaribia ile ya siku nne za kule chini. Tutapoteza siku moja ya matembezi, basi. "Lakini nisiwadanganye," Amin akasema. "Meli za huko zikifika gatini huegeshwa ubavu kwa ubavu. Unaweza kufungua mlango wako ukakuta dirisha la mtu mwingine, hapo hapo puani."

"Hata likiwa la mtu mwingine," Ayub akasema, "bora langu lifunguke."

Amin akampa chumba 214. Yule mzee wa barua akampa Ayub mkono, akasema na yeye lifti za Nairobi hapandi, alishapanda ngazi mpaka ghorofa ya tisa kwa ajili ya kesi ya shamba. Ayub akacheka mpaka akaegemea meza.

Mtu mmoja nyuma akauliza kama foleni inasonga.

Jumanne, 11 Novemba

Saa tatu. Ayub yuko nje ya duka anakunywa chai na muuza mayai. Nimetazama mpaka saa tatu na nusu ili kuhakikisha.

Ijumaa, 14 Novemba

Nzilani amening'inizia ramani mpya, akachora moyo kwenye 214 kwa wino mwekundu. Halafu akasema nisimwambie mtu.

Alhamisi, 20 Novemba

Imethibitishwa. Viza pia zimetoka.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua kila siku. Mto Voi umejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Tumekwenda kuutazama, mimi na yeye, chini ya mwavuli mmoja.

Ijumaa, 5 Desemba. Aswan

Treni, ndege, ndege nyingine, na sasa meli. Naili si buluu kama ya ubaoni, ni kijani. Mwalimu alitudanganya kwa kukosa chaki!

Amin alisema kweli. Tulipofungua mlango wa kioo wa 214, ng'ambo, hatua moja tu, kulikuwa na dirisha la meli ya jirani, na ndani yake mzee na mkewe, wamevaa fulana, wanamenya machungwa. Tukatazamana. Niliyoyapanga ya kimahaba yote yakayeyuka. Ayub akawaambia salaam aleikum, wakaitikia, yule bibi akanyoosha mkono akatupatia machungwa mawili.

Mlango wa kuingilia, ule wa korido, Ayub ameuzuia kwa kiatu. Mhudumu anaondoa kiatu, Ayub anarudisha.

Jumamosi, 6 Desemba. Edfu

Jana meli ilipong'oa nanga, upepo wa mto uliingia ukainua pazia mpaka darini. Ayub alisimama hapo mlangoni muda mrefu. Kisha akaenda, akakitoa kiatu mwenyewe.

Leo baada ya chakula cha mchana abiria wote wameshuka kuliona hekalu. Ni hekalu kubwa, wanasema, limehifadhika kuliko yote, na limo katika bei tuliyolipa. Mhudumu amekuja kubisha, ameniambia kwa Kiingereza chake na changu kwamba magari ya farasi ya kwenda hekaluni yanangoja, ni sisi wawili tu tumebaki.

Nimemfungulia kidogo, nikaweka kidole mdomoni, nikamwonyesha kitanda. Akatabasamu, akatuvutia mlango, ukajifunga taratibu.

Hekalu hatulioni. Mume wangu amelala.